Shajara ya mradi: shafti ya mashine ya kusaga inayokatika palepale

Jumatatu

Shafti, yaani mhimili wa chuma unaozunguka, imefika karakanani Morogoro ikiwa vipande viwili ndani ya kiroba. Inatoka kwenye mashine ya kusaga ya kijiji kimoja wilayani Kilosa: kinu cha nyundo, mota ya umeme ya kilowati 15 (wenyewe wanasema farasi 20), puli ya milimita 250 kwenye mota na ya 125 kwenye kinu. Mwenye mashine, mama anayewasagia karibu kijiji kizima, anasema shafti iliyotangulia ilikatika mahali hapahapa, na ya kabla yake vilevile. Kila ikikatika, inachongwa nyingine kwa kufuata vipimo vya ile iliyovunjika, inafungwa, kazi inaendelea mpaka siku inapokatika tena.

"Mwanangu," ameniambia kwenye simu, "safari hii niwekee chuma kigumu kuliko vyote. Nimechoka kuwarudisha watu na ndoo zao za mahindi."

"Nimekusikia, Mama. Ila kabla sijachonga chochote, naomba nikisome kwanza hiki kilichovunjika."

Ndiyo kazi ya leo. Nimeosha nyuso mbili za mkatiko kwa dizeli na brashi laini. Msasa haujagusa, grainda haijagusa, na vijana wanaojifunza nimewakataza kuvikutanisha vipande ili kuona kama vinaoana, kwa sababu kusuguana huko kunafuta alama tunazozitafuta.

Uso wa mkatiko una sehemu mbili. Sehemu kubwa, zaidi ya robo tatu ya duara, ni laini, ina kutu hafifu, na imechorwa mistari iliyopinda, mmoja baada ya mwingine, kama ile ambayo maji yanayokupwa huiacha mchangani. Ukiifuata mistari hiyo kinyumenyume, yote inarudi mahali pamoja: kona ya chini ya njia ya kii, yaani ule mfereji unaobeba kipande cha chuma kinachofunga puli kwenye shafti. Sehemu ndogo iliyobaki, upande wa pili, ina chengachenga, inang'aa, haina kutu.

Huu ni uchovu wa metali. Ufa ulizaliwa kwenye ile kona, ukatembea kidogo kidogo kuvuka shafti, na kutu inaonyesha kwamba ulikaa wazi kwa muda mrefu huku mama akiendelea kusaga. Ile sehemu ya chengachenga ndipo chuma kilipoachia kwa mara moja. Udogo wake una maana kubwa: chini ya robo ya chuma ilikuwa bado inaubeba mzigo wote mpaka dakika ya mwisho. Kwa hiyo mzigo wenyewe si mkubwa. Shafti haikupinda, haikusokoteka, haikuzidiwa nguvu. Ilichoshwa, na ilichoshwa kuanzia sehemu moja tunayoiona kwa macho.

Jumanne

Kilosa. Nimeikuta mashine imesimama, turubai juu yake. Nimechukua vipimo vyote kabla ya kulegeza bolti yoyote.

Shafti ilikuwa ya milimita 30, imenyooka kutoka ncha hadi ncha bila ngazi, yaani kipenyo hakibadiliki popote. Beringi mbili za nyumba ya kusimama, za namba ya UCP 206, zimeachana milimita 500 kutoka kitovu hadi kitovu. Rota, ile sehemu inayozunguka juu ya shafti, pamoja na nyundo zake ina uzito wa karibu kilo 40. Halafu kipimo kilichonifanya nikae chini: kutoka kitovu cha beringi hadi katikati ya puli ni milimita 140. Puli imening'inia mbali namna hiyo kwa sababu mguu wa fremu umesimama mahali ambapo mikanda ingepita. Aliyeifunga hakutaka kuuhamisha mguu, akaisogeza puli nje.

Njia ya kii imekatwa kwa grainda, kona zake ni kali kama zilivyoachwa na jiwe, na imeendelezwa hadi milimita 20 tu kutoka kitovu cha beringi, ingawa kii yenyewe iko mbali kule chini ya puli. Nusu ya mfereji haifanyi kazi yoyote zaidi ya kuidhoofisha shafti pale inapopindwa zaidi.

Mikanda imekazwa mno. Ukiibonyeza kwa kidole gumba haiendi popote. Kijana anayeendesha mashine anasema huikaza kwa mtaimbo kila inapoanza kulia. Hakuna aliyewahi kumwonyesha njia nyingine.

Jumatano

Siku ya hesabu. Naziandika kwa urefu, kwa sababu fundi mwingine mwenye mashine kama hii anaweza kubadilisha tarakimu zake na kufika kwake.

Mota ina mizunguko 1,450 kwa dakika. Kwa puli hizi kinu kinapata 2,900. Nguvu ya kusokota, kwa newtoni-mita, ni 9,550 mara kilowati, gawanya kwa mizunguko: 9,550 × 15 ÷ 2,900, karibu 49. Kipenyo cha nusu cha puli ni mita 0.0625, kwa hiyo mikanda inahitaji kuivuta puli kwa newtoni 790 ili kazi ifanyike. Lakini mkanda una pande mbili, wa kuvuta na wa kurudi, na zote mbili zinailalia shafti upande mmoja. Nachukua jumla kuwa mara mbili ya nguvu ya kazi, newtoni 1,580, ili niwe nimehesabu pia pale mota inapowashwa.

Sasa mkazo. Mkazo ni nguvu iliyogawanywa juu ya eneo linaloibeba. Megapaskali moja ni newtoni moja juu ya kila milimita ya mraba. Kwa msokoto wa newtoni-mita 49, shafti ya milimita 30 inapata mkazo wa kukata wa megapaskali 9 tu juu ya ngozi yake. Hiyo ndiyo kazi ambayo kila mtu huifikiria akisikia neno shafti, kupeleka mzunguko kutoka puli hadi nyundo, na kwa chuma ni kazi ndogo mno.

Kupinda ni habari nyingine. Newtoni 1,580 zikivuta umbali wa mita 0.14 kutoka kwenye beringi zinazaa momenti ya newtoni-mita 221. Pale njia ya kii inapoishia, milimita 20 kutoka kitovu cha beringi, imebaki 190. Kwa duara la milimita 30 (momenti kwa newtoni-milimita, 190,000, mara 32, gawanya kwa pai × kipenyo × kipenyo × kipenyo) unapata megapaskali 72. Yaani kupinda kunaitesa shafti mara nane zaidi ya kusokota, na kunatoka kwenye nafasi ya puli peke yake. Kinu kingesaga mahindi yaleyale, kwa nguvu ileile, puli ikiwa nusu ya umbali huo.

Mtu atasema megapaskali 72 ni kidogo, na kwa mzigo uliotulia atakuwa sahihi. Chuma laini cha kawaida hakianzi kupinda moja kwa moja mpaka karibu 250. Lakini mzigo huu haujatulia. Mkanda unavuta upande uleule siku zote huku shafti inazunguka. Upande wa shafti unaovutwa sasa hivi, nusu mzunguko baadaye unabanwa, kisha unavutwa tena. Kwa mizunguko 2,900 ni mara 174,000 kwa saa; mara milioni moja zinatimia kabla ya saa 6 za kusaga. Kwa hesabu za namna hiyo hatuulizi tena chuma kinaweza kubeba nini mara moja. Tunauliza kinaweza kurudia nini bila kikomo.

Swali hilo lina historia ya damu. Tarehe 8 Mei 1842 ekseli ya injini ya treni ilikatika karibu na Versailles, Ufaransa, mabehewa yakawaka moto na zaidi ya watu 50 wakafa. Mwaka uliofuata Mskoti William Rankine alieleza jinsi ekseli za treni zinavyopasuka polepole kuanzia pale kipenyo kinapobadilika ghafla, akashauri kona hizo ziviringwe. Baadaye August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, alitumia miaka mingi kuzungusha ekseli na vipande vya majaribio chini ya mizigo aliyoipima, na kufikia mwaka 1870 alikuwa ameonyesha kwamba chuma cha aina hii kina kikomo: chini ya mkazo fulani, kinarudia mamilioni ya mizunguko bila kuvunjika, juu yake, kukatika ni suala la muda. Kwa kipande kidogo kilichong'arishwa, kikomo hicho ni karibu nusu ya nguvu ya mwisho ya chuma, yaani mkazo unaokikata kwa kukivuta mara moja.

Chuma chetu kilichovunjika nimekipeleka kwenye maabara ya chuo, kikapimwa ugumu kwa kipimo cha Brinell: karibu 118. Kwa chuma, zidisha kwa 3.45 upate nguvu ya mwisho, hapa karibu megapaskali 400. Nusu yake ni 200. Shafti halisi haijang'arishwa na ni nene kuliko kipande cha majaribio, na vyote viwili vinakishusha kikomo; kwa uso uliokerezwa na kipenyo cha 30 nabaki na karibu 159.

Mwisho, kona. Mkazo ukikutana na mfereji haupiti umetulia. Unarundikana penye kona. Kwa mfereji uliokatwa vizuri kwa mashine, wasanifu huchukua mkazo wa kupinda kuwa mara 2.1 hivi pale unapoishia. Megapaskali 72 zinakuwa 151. Kikomo ni 159. Na huo ni mfereji mzuri, si huu wa grainda wenye kona kali na kutu, na kutu yenyewe inakula kikomo. Ongeza mtaimbo kwenye mikanda, na shafti imevuka mstari kila siku ya kazi.

Kwa hiyo imekatika palepale kwa sababu ilichongwa vilevile. Aliyeinakili alinakili na ugonjwa wake.

Alhamisi

Nimempigia mama kumweleza. Ameuliza swali zuri kuliko yote ya wiki hii: "Sasa chuma kigumu si kingevumilia?"

Kingevumilia muda zaidi. Chuma cha kaboni ya wastani, kile kinachouzwa kwa jina la C45, chenye kaboni ya karibu asilimia 0.45, kina nguvu ya mwisho ya karibu 600, na kikomo chake cha uchovu kinapanda. Lakini kuna tabia moja ya chuma ambayo haipandi hata ukinunua cha bei gani, nayo ndiyo iliyonishughulisha leo.

Robert Hooke alitangaza mwaka 1678 kwamba kitu kinarefuka kwa kadiri kinavyovutwa, na tangu Thomas Young tuna namba ya kupima ukaidi huo, moduli ya Young. Kwa chuma cha kaboni ni karibu megapaskali 207,000, kiwe laini cha nondo za dirisha au cha kutengenezea patasi. Nguvu inatofautiana mara mbili, mara tatu, ukaidi haubadiliki. Shafti ya C45 ya milimita 30 inapinda sawasawa na ya chuma laini chini ya mzigo uleule. Tofauti yake ni kwamba inachelewa kuumia.

Kwa nini inahusu? Kwa sababu mama alilalamika pia kuwa mashine inatetemeka, hasa inapokaribia kasi kamili na inapozimwa. Rota ya kilo 40 katikati ya shafti ya milimita 30, kati ya beringi zilizoachana 500, inailaza shafti kwa milimita 0.124. Ni unene wa karatasi. Lakini kutokana na kipimo hicho unapata kasi ambayo shafti inapenda kuyumba yenyewe: karibu mizunguko 2,690 kwa dakika. Mashine inafanya kazi kwa 2,900! Kitovu cha rota kinaongeza ukaidi kidogo na fremu inaupunguza, kwa hiyo siishikilii tarakimu ya mwisho, ila jirani ni huyohuyo. Kila asubuhi mashine inapita katikati ya kasi mbaya, kisha inakaa juu yake kidogo kutwa nzima. Hakuna chuma kigumu kitakachoiondoa hapo.

Kinachoiondoa ni kipenyo. Ukaidi wa duara dhidi ya kupinda unapanda kwa kipenyo × kipenyo × kipenyo × kipenyo. Kutoka 30 kwenda 45 ni nyongeza ya nusu tu kwa macho, na ukaidi unakuwa mara tano. Shafti inalala milimita 0.0245, kasi mbaya inapanda hadi karibu 6,000, zaidi ya mara mbili ya kasi ya kazi. Hapo nalala usingizi.

Mama amesikiliza yote, kisha akasema: "Basi nenepesha, mwanangu, lakini usiniambie ninunue mota nyingine." Hapana, mota inabaki ileile.

Jumamosi

Mchoro mpya umekamilika. Katikati milimita 45, penye beringi 40, penye puli 35. Puli inasogezwa ndani mpaka milimita 70 kutoka kitovu cha beringi. Mguu wa fremu tunaukata na kuuchomelea upya pembeni, na mota inateleza juu ya reli zake kufuata puli. Ukinilazimisha nibakishe badiliko moja tu kati ya yote, nitabakisha hilo la mguu wa fremu. Linagharimu kipande cha chuma cha pembe na nusu siku ya kuchomelea, na linakata momenti kwa nusu.

Penye beringi momenti sasa ni newtoni-mita 111 na mkazo wa kupinda megapaskali 18. Penye ngazi ya kutoka 40 kwenda 35, milimita 30 kutoka kitovu cha beringi, ni megapaskali 15. Kona ya ngazi nimeipa mviringo wa milimita 3. Kona kali kabisa ningeihesabia mkazo mara 2.7, iliyoviringwa hivi ni karibu 1.7. Hakuna mahali ambapo milimita chache za umbo zinalipa zaidi ya hapa, na fundi hatumii chochote zaidi ya kunoa ncha ya kisu chake cha kerezo.

Njia ya kii ina upana wa 10 na kina cha 5, na inaishia milimita 10 kabla ya ngazi, ili maeneo mawili ya kurundika mkazo yasikutane. Itakatwa kwa kisu cha duara kinachopanda taratibu mwishoni, si kile cha kuchimba wima kinachoacha ukuta. Kii yenyewe, urefu wa milimita 40, inapata mkazo wa kukata wa megapaskali 7. Inakaa kwa raha, na naitaka iwe ya chuma laini. Siku kitu kigeni kikikwama, heri ife kii.

Hata ukiuzidisha mkazo wa penye beringi mara mbili kwa ajili ya skrubu za beringi zinazouma shafti, kikomo cha uchovu cha C45 kinauzidi karibu mara 6. Mwanafunzi mmoja wa mazoezi ameuliza kama si kupoteza chuma. Ningekuwa nasanifu ndege ningekubali. Hii ni mashine ya kijijini: kokoto hupita ndani ya mahindi, nati hudondoka kwenye bakuli, mikanda hukazwa na mtu mwenye haraka. Isitoshe, vipenyo hivi sikuvichagua kwa ajili ya mkazo. Vimeletwa na ile kasi ya kuyumba, na nguvu imekuja juu yake kama bakshishi. Kwa mkazo peke yake chuma laini kingetosha hapa. Nimebaki na C45 kwa sababu sehemu za kukalia beringi zinachelewa kuliwa.

Beringi zinakuwa UCP 208. Ya upande wa puli inabeba karibu newtoni 2,000. Uwezo wake ni karibu 29,000. Uwiano huo (uwiano × uwiano × uwiano) unatoa mizunguko milioni 3,000 na ushee, zaidi ya saa 17,000 za kazi kwa beringi tisa katika kumi, iwapo grisi ni safi. Ile ya zamani, ndogo na yenye mzigo mkubwa zaidi, ilikuwa na saa 3,900 hivi. Kumbukumbu kwa wachomeleaji: kitovu cha 208 kiko milimita 49.2 juu ya meza, cha 206 kilikuwa 42.9. Bamba la chini ya beringi lazima lipungue milimita 6.3, la sivyo nyundo zitasugua chekeche juu na kuliacha wazi chini. Matundu ya bolti nayo hayalingani, yatobolewe upya.

Jumatatu nyingine

Chuma kimetoka eneo la Gerezani, Dar es Salaam: pande la mduara la milimita 50. Muuzaji ameliita C45 na rangi ya ncha inasema hivyo, lakini rangi hupakwa na mtu. Tumekata kipande na kukigusisha kwenye jiwe la grainda kando ya kipande cha shafti ya zamani. Cha zamani kinatoa cheche ndefu zilizonyooka, zenye kuchanua kwa nadra. Kipya kinachanua matawi mengi karibu na jiwe. Kaboni ipo. Ugumu wa Brinell umetoka 176, sawa na nguvu ya mwisho ya karibu 607. Tunaendelea.

Mzee wetu wa kerezo ameukagua mchoro akakubali vyote isipokuwa kimoja: alitaka alama ya mfuo mdogo penye mwisho wa kiti cha beringi, kwa mazoea yake ya kurahisisha kisu kutoka. Nimemwonyesha uso wa ile shafti iliyovunjika, na njia ufa uliyopita. Ameitazama muda, akaiweka chini. "Basi hakuna mfuo," amesema, na akaanza kunoa kisu cha mviringo.

Kiti cha beringi kimekerezwa kati ya milimita 39.98 na 39.99. Ameimaliza kona ya ngazi kwa msasa laini akifuata mzunguko mpaka mikwaruzo ya kisu ikapotea. Mikwaruzo hiyo huzunguka shafti, yaani iko sambamba na njia ambayo ufa ungependa kuipita, ndiyo maana kuing'arisha pale si urembo.

Onyo nililoliandika kwa rangi kwenye mchoro: C45 haichomelewi kama chuma laini. Ukiichomelea ikiwa baridi, joto hukimbilia haraka kwenye chuma kilichozunguka, na ukanda wa kando ya mshono unakuwa mgumu na mwepesi kupasuka. Rota inafungwa kwa kii na pete za kubana. Shafti hii isiguswe na waya wa kuchomelea, hata kwa "kidonge kidogo tu".

Alhamisi

Tukiwa tumekifungua kinu, nimeangalia nyundo na pini zake. Hazikuwa kwenye makubaliano, lakini sikuweza kuzifunga bila kuzihesabia.

Nyundo moja ina nusu kilo, na uzito wake uko mita 0.2 kutoka kitovu. Kwa mizunguko 2,900 inavuta kwenda nje kwa newtoni 9,200, sawa na uzito wa karibu kilo 940. Nusu kilo ya chuma inataka kuondoka na nguvu ya karibu tani, na kilichoizuia ilikuwa pini ya milimita 16 iliyoliwa ubavuni. Nikiihesabu pini kama boriti fupi inayolala juu ya mabamba mawili yaliyoachana milimita 30, mkazo wa kupinda unafika megapaskali 172 ikiwa mpya. Pini mpya ni za milimita 20: mkazo unashuka hadi 88. Milimita nne, nusu ya mkazo.

Kisha mizani. Nyundo mbili zinazotazamana zikitofautiana gramu 20, uzito wa vijiko vichache vya unga, zinazaa newtoni 369 zinazozunguka, karibu sawa na uzito wa rota nzima. Nguvu hiyo inazunguka pamoja na shafti, kwa hiyo shafti inaisikia upande mmoja tu wala haiichoshi kwa kupindua. Wanaoteseka ni beringi, bolti na fremu. Tumezipima nyundo zote kwenye mizani ya dukani na kuzipanga kwa jozi, nzito ikitazamana na nzito. Mama anatakiwa kubadilisha nyundo kwa jozi, hata moja ikiwa bado nzuri. Hili nimemwandikia na kulibandika ukutani.

Jumamosi

Tumefunga na kuwasha. Kwanza bila mzigo, mlango umefungwa, watu wote wamekaa kando na si mbele ya mzunguko wa nyundo. Mashine imepanda hadi kasi kamili bila ule mtetemo wa katikati. Glasi ya maji niliyoiweka juu ya fremu imeonyesha viduara vidogo, haijamwagika. Kisha dona, debe baada ya debe, mpaka jioni. Beringi ya upande wa puli ilikuwa ya moto kiasi ambacho kiganja kinavumilia bila kuondolewa.

Mikanda: kutoka puli hadi puli ni karibu milimita 800. Kijana wa mashine sasa ana kijiti chenye alama. Anabonyeza mkanda katikati kwa nguvu ya kawaida. Ukishuka karibu milimita 13, umekaa sawa. Ukilia, kwanza anaangalia kama umechakaa au umepata mafuta, ndipo afikirie kukaza. Mtaimbo umeenda kwenye kazi za shamba.

Mama amekuja na majirani wawili wenye vinu vya aina hiihii. Mmoja shafti yake imeshakatika, wa pili anasema yake "inalia tu". Nimewaomba wapime jambo moja kabla ya kuniletea chochote: umbali kutoka katikati ya beringi hadi katikati ya puli. Wa kwanza amerudi baada ya nusu saa: milimita 155. Wa pili 120, na mguu wa fremu uko palepale.

Nimechora mguu mpya unaofaa fremu zote tatu. Wiki ijayo, kabla ya shafti yoyote kukerezwa, tunaanza kwa kuihamisha ile miguu miwili. Ya yule wa pili tutaivua shafti, tuipake rangi ya kupenya ya kutafutia nyufa kwenye njia ya kii, na tuone kama imeshaanza.